Wimbo Uliokatwa Jumanne

Fenella Garrity alikuwa ameimba mchezo mzima kwa miaka mitano, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kukata tiketi kumsikia.

Siyo kwamba sauti hana. Sauti anayo, tena ya kumwaga. Ila ndivyo mambo yanavyokwenda New York. Mchezo mpya wa kuimba haupandi tu jukwaani kama mtu anavyopanda ngazi za kwao. Kwanza unasomwa. Waigizaji wanakusanywa kwenye chumba cha mazoezi, kila mmoja na stendi yake mbele, faili la skripti na nota juu ya stendi, mavazi hakuna, taa hakuna, kwenye kona kuna piano moja basi. Mbele yao wanakaa wenye pesa na wenye majumba ya michezo, mikono wamekunja kifuani. Mwisho wanapiga makofi ya adabu, wanakula vipande vya jibini, wanasema "aisee, unaelekea pazuri," halafu wanapotea. Mwaka unaofuata mchezo unasomwa tena.

*Wasichana wa Lifti* ulikuwa umesomwa mpaka vyumba vya mazoezi vilikuwa vinaujua. Ulikuwa unahusu wanawake waliokuwa wakiendesha lifti kwenye duka kubwa la Newark, enzi za glavu nyeupe na kofia ndogo, mpaka siku duka lilipoleta lifti za kubonyeza kwa kidole. Fenella alikuwa Dot, mkubwa wao. Alimpokea Dot akiwa na miaka thelathini na moja, sasa ana thelathini na sita, na Dot amemkaa mwilini kama lafudhi ya kwao Scranton, hata ukimwamsha usingizini anaanza kutaja ghorofa.

Na sasa, jamani, hatimaye Gus Pellerin alikuwa anakuja kusikiliza.

Pellerin ndiye mwenye Jumba la Pellerin, mtaa wa arobaini na tano. Ni jumba moja tu alilorithi, lakini liko pale pale Broadway, na mchezo uliokuwemo ulikuwa umekufa. Majira ya kuchipua lingekuwa wazi. Waliolitaka walikuwa wawili: *Wasichana wa Lifti*, ambao hakuna aliyewahi kuusikia, na *Jumapili Kule Nantucket*, mchezo wa zamani ambao kila bibi wa New Jersey anazijua nyimbo zake zote na anaziimba akikaanga vitunguu. Walikuwa wanataka kuufufua, na safari hii mwigizaji mkuu angekuwa Marisol Thackeray, yule wa sinema.

Fenella alikuwa anataka kitu kimoja: kusimama kwenye jukwaa la Pellerin akiwa Dot. Siyo mtu mwingine awe Dot. Yeye. Na alijua vizuri sana kwamba kwenye kazi yao anayesoma na anayepanda huwa si mtu mmoja. Anayesoma anaulainisha mchezo kama kiatu kipya, ukishaacha kubana anakuja mwenye jina anauvaa.

Jumatatu wakala wake, Irv Zuckerbrot, alimwita mgahawani Ninth Avenue. Irv ni mzee mwenye nyusi kama viwavi, na habari njema huwa hatoi kabla hajala. Alimaliza supu yake ya matzo, yale madonge ya mkate wa Kiyahudi, akafuta kidevu.

"Mwanangu, nimekuletea mkataba. Mkataba! Umewahi kumwona mdudu huyo?"

"Mkataba wa nini?"

"Nantucket. Binamu Prudence. Rafiki wa bibi harusi, yule mchekeshaji. Nyimbo mbili, na wigi linaanguka mara moja kila siku, watu wanavunjika mbavu. Wanataka jibu Jumatatu ijayo."

"Irv, Alhamisi Pellerin anakuja kutusikiliza."

"Anakuja kwa adabu tu. Pellerin ni mtu wa adabu, hata mazishi ya maadui anakwenda." Akaegemea mbele. "Nikuulize. Kuna mtu anaamka asubuhi, anamwambia mkewe, mama Stanley, leo nasikia hamu ya lifti? Hakuna. Lakini Nantucket! Mke aliiona na mama yake, anataka kumpeleka binti yake. Hapo umeshauza viti vitatu na hujafungua hata mdomo."

"Hata Nantucket ilikuwa mpya siku moja."

"Ilikuwa mpya, ndiyo. Ila siku hiyo ilikuwa shida ya wakala mwingine."

Fenella akacheka, akamwambia atafikiria. Irv akaagiza keki ya jibini, maana alimjua. Akisema hivyo huwa hafikirii.

Jumanne, chumba cha mazoezi. Hapa lazima ujue kitu kuhusu karatasi. Mchezo mpya ukiwa bado unapikwa, unabadilika kila siku, na kila mabadiliko yana rangi yake. Skripti ya kwanza nyeupe, marekebisho bluu, marekebisho ya marekebisho njano. Mtu anafungua faili lake na linafanana na bendera ya nchi isiyojulikana. Asubuhi ile zilikuja za pinki.

Aliyezileta ni Harriet Vandermolen, prodyuza, mama mrefu wa miwani mikubwa ambaye hakai kwenye kiti hata akichoka. Nyuma yake Ansel Mirabito, aliyetunga maneno na muziki wote, anaangalia viatu vyake.

"Wapenzi wangu," Harriet akasema, "wimbo wa mwisho tumeukata."

Wimbo wa mwisho ulikuwa wa Dot. Lifti inafungwa, Dot yuko peke yake ndani, na anachofanya ni kutaja ghorofa moja moja kwa mara ya mwisho. Basi, hakuna kingine.

"Mnaukata kwa nini?" Fenella akauliza.

"Kwa sababu Pellerin ana miaka sabini na mitano na nataka atoke hapa anatembea, habebwi! Ule wimbo ni msiba. Ansel ametunga mwingine usiku kucha. Wasichana wote wanarudi, wanacheza, wanarusha glavu. Watu watasimama!"

Fenella akamgeukia Ansel. "Wewe umekubali?"

"Miaka tisa naubeba mchezo huu, Fen," Ansel akasema. "Akiniambia niweke farasi nitaweka farasi."

Yolanda Batiz, aliyekuwa anasoma nafasi ya Pearl na ambaye mdomo wake haujui kufunga breki, akanong'ona: "Shosti, mimi nikirusha glavu namlenga huyu mama."

Wakajifunza ule wimbo mpya. Haukuwa mbaya. Ulikuwa unadunda, ulikuwa na makofi katikati, na kwa ajili yake tu Harriet alileta glavu za kurusha. Kwa uchovu au kwa uvivu, Ansel alikuwa ameuanzisha kwa mlio ule ule wa piano ulioanzisha wimbo wa zamani, sauti nne za chini zinapanda polepole kama lifti yenyewe. Wakaurudia mara mbili Jumanne, mara mbili Jumatano, wakasema inatosha, skripti si ziko mbele? Kwanza chama cha waigizaji kina sheria yake: kwenye kusoma, faili linakaa mbele ya mtu, na hakuna anayelazimishwa kukariri.

Alhamisi saa tisa alasiri Gus Pellerin akaja amevaa sweta yenye kiraka kwenye kiwiko. Watu wa Broadway wanasema jinsi sweta yake inavyochakaa ndivyo jumba lake linavyojaa. Akakaa safu ya pili, akakataa jibini, akatoa peremende mfukoni.

Walisoma vizuri. Sehemu ya kwanza Pellerin alicheka pale pa kuchekwa na pengine pasipochekwa. Mapumziko akaenda dirishani peke yake, akawa anatazama paa la jengo la pili. Harriet alikuwa anazunguka ameshika glasi ya maji asiyokunywa.

"Anafikiria nini yule?" akamuuliza Fenella.

"Labda anafikiria paa."

"Usinichekeshe, nitatapika."

Sehemu ya pili ikaenda. Fenella alikuwa amefika mahali ambapo haoni tena stendi. Alikuwa anamwangalia Pellerin. Alikuwa anataka yule mzee amwone *yeye*, aondoke na sura *yake* kichwani, ili siku wakianza kutaja majina ya sinema akumbuke. Faili lilikuwa wazi mbele yake, na tangu mapumziko hakuwa amegeuza hata ukurasa. Hakukuwa na haja, Dot alikuwa kifuani.

Ansel akagonga zile sauti nne za chini. Na Fenella akafungua mdomo.

"Ghorofa ya kwanza," akaimba, "vipodozi na vitambaa vya shingo."

Ule wa zamani. Ule uliokatwa.

Yolanda alikuwa ameshainua mkono wa glavu. Ukabaki hewani. Ansel kwenye piano akaacha kupiga, mbele yake kuna karatasi za pinki na masikioni mwake kuna kitu kingine kabisa. Kimya kile kilikuwa kifupi, lakini kila aliyekuwemo siku hiyo ukimuuliza atakwambia kilikuwa kirefu. Fenella mwenyewe ndipo alipogundua. Alishusha macho kwenye stendi, hapo mbele akaona njano. Pinki ilikuwa kurasa nyingi mbele, hata hajui wapi.

Angeweza kusema samahani, tuanze tena. Kwenye kusoma inaruhusiwa, watu huwa wanacheka inaisha. Hakusema.

"Ghorofa ya pili. Kofia, glavu, miavuli."

Ansel akaziacha pinki, akapiga polepole chini ya sauti yake, akamfuata.

Akataja viatu. Akataja sare za shule. Akataja vitanda vya watoto, na pale sauti yake ikapungua, kama mtu anayepita mahali asipotaka kuamsha mtu. Akafika juu.

"Ghorofa ya mwisho," akaimba. "Hapa hatuuzi kitu. Hapa ni mimi tu nageuza lifti."

Harriet alikuwa ukutani amefumba macho, kama mtu aliye kwenye ndege inayotikisika.

Hakuna aliyepiga makofi. Pellerin alikuwa ameinamia magoti yake. Halafu akainuka, akaja mpaka kwenye piano, uso wake umelowa na wala hakujisumbua kuufuta.

"Huu wimbo wa mwisho," akamwambia Ansel, "mmeutoa wapi?"

"Nime—"

"Naujua. Mama yangu alikuwa anauimba akipiga pasi. Ni wa zamani huu. Mmefanya vizuri sana kuweka kitu cha zamani humo ndani."

Ansel akafungua mdomo. Harriet akamkanyaga mguu, tena kwa kisigino.

"Tuliona ungependa," Harriet akasema.

"Nimependa." Pellerin akapenga kamasi. "Sikilizeni. Mtu hawezi kulipa hela zake kuona kitu kipya kabisa, anaogopa. Cha zamani kabisa nacho, mimi nimechoka. Miaka mitatu jumba langu limekuwa makumbusho. Nataka kipya ambacho mtu akikisikia anadhani alishawahi kukisikia. Hiki hapa." Akamgeukia Fenella, akamshika mkono, akaupigapiga. "Na wewe, binti, una sauti nzuri mno. Unaitwa nani?"

"Fenella Garrity."

"Nzuri mno," akarudia, akavaa kofia, akaondoka na peremende zake.

Wakarukaruka mle ndani kama watoto wa shule. Yolanda akamrushia Harriet glavu na safari hii Harriet akacheka. Ansel alimkumbatia Fenella mpaka miwani yake ikapinda.

"Umekosea," akamwambia sikioni. "Mwehu wewe, umekosea!"

Ijumaa mchana Irv akapiga simu, na Fenella akajua kwa jinsi alivyosema "kipenzi." Irv humwita mwanangu. Kipenzi ni msiba.

"Lifti wamepata jumba," Irv akasema. "Hongera. Nantucket hawana jumba tena. Basi Binamu Prudence naye hayupo."

"Sijali."

"Subiri, utajali. Marisol Thackeray amesikia. Kwa nini Nantucket imekosa nafasi, nani kaichukua, akatumiwa skripti, akaisoma kwenye gari. Anamtaka Dot. Anasema cha zamani kila mtu atamlinganisha na aliyekuwepo mwanzo, kipya yeye ndiye wa mwanzo. Na kwa hilo, kipenzi, hajakosea."

Fenella akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, maana simu ilimkuta huko. "Na Pellerin?"

"Pellerin anasema hivi, na nakunukulia: mchezo wa zamani jina lake ndilo nyota. Mchezo mpya hauna jina, kwa hiyo lazima mtu awe nalo. Ametoa jumba kwa sharti hilo."

"Alilia, Irv! Alisimama pale analia!"

"Machozi yake hayauzi tiketi, na yeye mwenyewe anajua." Irv akashusha sauti. "Wanakupa nafasi ya akiba. Unakaa kwenye chumba cha nyuma kila jioni, Marisol akiugua unaingia. Ni mshahara, ni bima ya afya. Wengi wangeshukuru."

"Huwa anaugua?"

"Yule? Ana afya ya punda."

Jumamosi Ansel alikuja mpaka Sunnyside, Queens, akamkuta Fenella kwenye duka la kufulia, chini ya nyumba anayoishi. Mashine zinazunguka, joto, harufu ya sabuni. Ansel alikuwa ameshika boksi la vitobosha, maandazi yenye tundu katikati, kutoka kwa Mromania mwenye duka pale kona, na hakuwa amelala.

"Harriet ameshaniambia kila kitu," Fenella akasema. "Usijisumbue kueleza."

"Hajakwambia kila kitu." Ansel akakaa juu ya mashine iliyokuwa haifanyi kazi. "Mkataba wangu unanipa haki ya kukubali au kukataa mwigizaji. Mwandishi asiposaini, mtu hapandi. Hata awe nani. Harriet ananitaka nisaini Jumatatu."

"Basi saini."

"Nimekuja kukuuliza."

"Unaniuliza mimi? Ili iweje, Ansel, nikupe ruhusa? Nikubariki?"

"Ndiyo," akasema. "Nataka uniambie, Ansel, chukua jumba. Halafu nilale."

Fenella akamwangalia. Miaka tisa mtu huyu alikuwa anafundisha watoto piano huko Yonkers ili alipe kodi, mama yake amekufa hajaona jina lake kwenye mlango wowote. Wako wasichana wengine mle ndani ya lifti, wana kodi nao. Yolanda ana mtoto. Fenella alikuwa na jibu tayari, jibu la mtu mzima, alilipanga tangu Ijumaa akiwa bafuni: chukua, mpenzi, huu ni mchezo wako, mimi nitakuwa nyuma nakupigia makofi. Hata kuvuta pumzi alishavuta.

"Kataa," akasema.

Ansel akadhani hakusikia vizuri, mashine zina kelele. "Nini?"

"Kataa. Usisaini. Mwambie Pellerin ni mimi au basi."

"Fen. Tukisema hivyo anaweza kutoa jumba kwa Nantucket. Anaweza leo hii."

"Najua."

"Wenzako wote wanakosa kazi."

"Najua, Ansel. Umeniuliza ninachotaka. Nimekujibu. Wewe ndiye mwenye kalamu, saini kama unataka, sitakushtaki. Ila usinitafute nikuambie ni sawa, kwa sababu siyo sawa."

Mashine ya Fenella ikaisha, ikalia. Akainuka akaanza kutoa nguo, anatikisa moja moja. Ansel alikaa pale anakula kitobosha cha kwanza, cha pili, anatazama ngoma ya mashine ya jirani inavyozungusha soksi. Halafu akashuka.

"Ule wimbo ungefia kwenye kikapu cha taka," akasema. "Nilishautupa. Wewe ndiye uliyekosea ukauokoa."

Akaondoka bila kuaga vizuri, boksi akaliacha.

Jumatatu Ansel hakusaini. Harriet alimpigia kelele kwa simu mpaka jirani wa Ansel akagonga ukuta. Pellerin hakupiga kelele, yeye aliuliza swali moja tu, "Ni uamuzi wako wa mwisho?", na alipojibiwa ndiyo, akasema anamheshimu mtu mwenye msimamo, akampigia mwenye Nantucket. Jioni ile ile Marisol Thackeray akarudi kwenye mchezo wake wa zamani, na gazeti la mambo ya jukwaani likaandika kwamba hakuwahi kuuacha.

Taarifa ziliwafikia wasichana mmoja mmoja. Wengine hawakumpigia Fenella. Mmoja alimwandikia ujumbe wa neno moja ambalo si la kuandikwa hapa. Yolanda alikuja mwenyewe, akagonga mlango, akasimama amejishika kiuno.

"Shosti, umetuua."

"Najua. Nisamehe."

"Sijaja kukusamehe. Nimekuja kukwambia Irv wako amenichukua, na Binamu Prudence ni mimi." Akajitupa kwenye kochi. "Wigi linaanguka kila siku, nyimbo mbili, nimeshasaini. Kwa hiyo umeniua halafu umenifufua, sijui nikupige au nikubusu."

"Kwanza vua viatu kwenye kochi langu."

"Ona huyu! Katuharibia Broadway nzima, anaona viatu."

Wakacheka, kisha wakaacha. Yolanda akamuuliza kama kweli angefanya tena, na Fenella akasema hajui, ila alipofungua mdomo kule dukani ndilo neno lililotoka, na alipolisikia hakutaka kulirudisha. Yolanda akatikisa kichwa. Mwenyewe angechukua nafasi ya akiba, akasema, na angekuwa anamwombea Marisol mafua kila Jumapili kanisani.

Harriet hakuwa mtu wa kulala na hasara. Ilimchukua majira yote ya joto, lakini alipata jumba. Siyo New York. Ni Cleveland, jumba la watu wa huko lenye wanachama wao wanaonunua viti vya mwaka mzima, michezo mitano kwa mpigo. Mkurugenzi wao kila mwaka huweka minne ya zamani ili wanachama wasikimbie, na mmoja mpya ili yeye mwenyewe asikimbie. Nafasi ya ule mpya ilikuwa wazi, mwezi wa Februari, ambao watu wa Cleveland wenyewe hawautaki. Mkurugenzi alisikiliza kanda ya kusoma aliyotumiwa na Harriet, akauliza mwanamke anayetaja ghorofa ni nani, na kama anapatikana.

Mkataba ulisainiwa kwenye ofisi ndogo ya Harriet, ghorofa ya kumi na moja, dirisha linatazama ukuta. Irv alikuwepo, anatafuna kijiti cha meno. Ansel alikuwepo pia. Tangu ile Jumamosi yeye na Fenella walikuwa wameongea kuhusu muziki tu, na hata hapo alikaa upande wa pili wa meza, akampa salamu ya kichwa.

Fenella alisoma mpaka ukurasa wa mwisho, akarudi nyuma, akaweka kidole mahali.

"Hapa inasema nafasi ni yangu Cleveland."

"Ndivyo inavyosema," Harriet akajibu.

"Mchezo ukirudi New York?"

"Haisemi kitu."

"Naona haisemi. Kwa nini?"

Harriet akavua miwani, akaisugua kwa ncha ya blauzi. Bila miwani alionekana mdogo na amechoka. "Kwa sababu ukifanya vizuri Cleveland, mwenye jumba atakuja. Na akija atasema sharti lile lile alilosema Pellerin, na mimi safari hii nitamjibu ndiyo. Nakwambia mapema usije ukasema nilikuficha. Ansel nilishamwambia."

Fenella akamgeukia Ansel. Ansel akatazama ule ukuta dirishani.

"Sijui nitafanyaje," akasema. "Nikikudanganya utajua."

Irv akatoa kijiti mdomoni. "Mwanangu, tunaweza kuomba waongeze mstari. Watakataa, lakini tunaweza kuomba."

"Watakataa?" Fenella akamuuliza Harriet.

"Nitakataa, ndiyo."

"Basi tutagombana tukirudi."

"Tutagombana," Harriet akasema. "Na nitashinda."

"Inawezekana," Fenella akasema, akanyoosha mkono, na Irv akampa kalamu.